Kifuniko cha Ziada

Kitendawili! Usijibu harakaharaka, kaa vizuri kwanza. Wageni watatu wakiingia nyumbani, mgonjwa anapata nafuu. Akiingia wa nne, mgonjwa anaanguka, na aliyemfungulia mlango anasema hakumwona. Ni nani huyo wa nne? Umeshindwa? Basi nipe mji. Nipe Kilosa, na Mikumi uniongezee juu yake, maana jibu lenyewe lilisafiri njia hiyo likiwa mdomoni mwa mtu, na likagoma kutoka.

Sasa sikiliza.

Kila Alhamisi daktari bingwa alikuwa akitoka Morogoro kuja kuona wagonjwa kwenye hospitali moja ya Mikumi. Jina lake Raheli, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, kiasi kwamba wazee walilazimika kuinama ili wamsikie. Alhamisi hiyo mbele yake walikaa watu watatu kutoka Mbumi, pale Kilosa: mzee Anselmi, macho ya njano kama kiini cha yai, mkewe Magreth, mkoba wa majibu ya vipimo magotini, na Ditram, mdogo wake Anselmi, ambaye hakuwa ameitwa na mtu, lakini alisema kaka yake haendi kusomewa hukumu bila mwanaume wa ukoo kuwepo.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Anselmi. "Wewe tuambie tu. Tumeshapanda treni mpaka Dar, nimeshaingizwa kwenye mashine kama mkate kwenye tanuri. Hakuna cha kuogopa tena."

Daktari alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likaondoka. "Baba, ni saratani ya mirija ya nyongo, hii iliyo ndani ya ini lenyewe. Uvimbe umekaa pabaya, umekumbatia mshipa mkubwa wa damu. Tukisema tupasue, tutakupoteza mezani. Kwa hiyo kisu hakifai."

"Sasa umetuita tuje kuambiwa hivyo?" Ditram alidakia.

"Nimewaita niwaeleze dawa. Ziko njia tatu."

Akawaeleza polepole. Njia ya kwanza ni dripu ya dawa mbili kwa pamoja, inaingia kwenye mshipa wa mkono na kuzunguka mwili mzima. Wiki mbili mfululizo unakuja, wiki ya tatu unapumzika. Njia ya pili ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, unapandishwa mpaka kwenye ini, na dawa inamwagwa hapohapo penye uvimbe. Ya tatu ni vidonge, unameza nyumbani kwako.

Anselmi alisikiliza huku amefumba macho. Alikuwa mtu wa kupiga dawa mashamba ya watu. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na zaidi tangu mkonge ulipokufa kule Rudewa, ambako babu yake aliletwa kuukata. Alipofumbua macho alisema, "Kwa hiyo ile dripu ni kupiga shamba zima kwa bomba. Mdudu atakufa, na majani yataungua. Mrija ni kutia dawa kwenye moyo wa muhindi, pale pale anapojificha kiwavi. Na vidonge ni shamba zima vilevile, ila bomba dogo, kidogo kidogo kila siku."

"Baba, ungekuja kunisaidia kufundisha wanafunzi," alisema daktari.

"Ipi inaponya?" Magreth aliuliza. Ndiyo mara ya kwanza alifungua mdomo.

"Mama, nisikudanganye. Hakuna inayoung'oa. Zote zinapunguza mwendo wake. Mtu mmoja anapata miezi, mwingine mwaka, mwingine zaidi."

"Basi ipi yenye nguvu?"

"Dripu ndiyo tunayoijua zaidi, imelinganishwa na nyingine kwa wagonjwa wengi. Mrija unaupiga uvimbe wenyewe na kuuachia mwili nafasi, lakini kama unazidi dripu, hata sisi madaktari bado tunabishana. Kwa baba, shida ni figo. Zimechoka, na dawa moja kwenye ile dripu inaumiza figo. Mrija unafanyika sehemu chache, foleni ni ndefu, na bima anayolipia mtoto wenu hailipii. Jina nitaliandika kwenye foleni, na ustawi wa jamii watatuangalizia msamaha wa malipo. Lakini wenzangu wa kule watauliza kwanza kama mwili wake unavumilia dawa. Kwa hiyo tuanze na vidonge. Ndiyo njia nyepesi kwake."

Nyepesi. Katika maneno yote ya siku ile, hilo ndilo neno Magreth alilotoka nalo mlangoni.

Daktari aliandika juu ya chupa kwa kalamu nene, kisha akaonyesha kwa vidole. "Asubuhi vitatu, jioni vitatu, akishakula. Siku kumi na nne, halafu anapumzika wiki. Visipungue, visizidi. Akiharisha sana, au mdomo ukichubuka, acheni dawa siku hiyohiyo mnipigie simu."

"Tumesikia," alisema Ditram, ambaye hakuwa anaishi na mgonjwa.

*

Nyumbani Mbumi bomba la Anselmi lilikuwa limening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mkanda wake umekatikakatika kwa jasho. Bonde zima la Mkondoa lilimfahamu kwa neno lake moja. Mwenye shamba akisoma karatasi ya dawa na kusema vifuniko viwili kwa bomba moja, Anselmi alicheka: "Hiyo karatasi imeandikiwa dawa halali. Hii yetu imeshanyweshwa maji dukani. Ongeza kifuniko!" Na aliyeongeza alikuwa Magreth. Yeye ndiye aliyekuwa akichota maji na kupima, mumewe akiwa ameshavaa bomba mgongoni. "Cha kwanza! Cha pili! Na cha ziada, mama Bonifas!" Viwavi walikufa. Katika miaka yote hiyo shamba moja tu liliungua, la Casmir, na Anselmi alisema ni jua.

Siku mbili za mwanzo Magreth alitoa vidonge vitatu asubuhi na vitatu jioni. Vilikuwa vidogo, rangi ya waridi lililofifia, na vyepesi kiganjani kuliko punje za mahindi. Alimtazama mumewe akivimeza. Alimtazama baada ya kuvimeza. Macho yakabaki ya njano, mikwaruzo ya kujikuna ikabaki tumboni.

"Unasikia kitu?" alimuuliza.

"Nasikia njaa."

"Dawa, nasema. Unaisikia?"

"Mama Bonifas, dawa si pilipili."

Siku ya tatu asubuhi alikaa jikoni na chupa mapajani. Vitatu vilikuwa kwenye kisahani. Alifunga chupa. Akaifungua tena. Dawa dhaifu ya ugonjwa mkubwa, tena imetoka wapi, imepita mikono mingapi? Akachukua cha nne, akakiweka karibu na wenzake, akakisogeza kwa kidole mpaka wakagusana.

Limi alikuwa mlangoni na ndoo. Huyu ni mke wa Bonifas, mtoto wao wa pekee, ambaye alikuwa Tabora kwenye ujenzi wa reli na hurudi kila baada ya miezi mitatu. Limi ni Msukuma. Baba yake alikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga akakaa upande wa Rudewa, na ndoa yenyewe ilipitishwa kwa vikao vitatu, maana Ditram alisema wafugaji wanakula mashamba kwanza, halafu wanakula watu. Miaka minne sasa Limi alikuwa bado anapiga magoti kumsalimia kila mkubwa wa nyumba ile, hata wale wasiomwitikia.

"Mama," alisema taratibu, "daktari alisema vitatu."

Magreth hakugeuka. "Cha nne ni changu mimi na mume wangu. Wewe osha vyombo."

Limi akaosha vyombo.

*

Siku ya sita viganja vya Anselmi vilikuwa vyekundu kama mtu aliyeshika sufuria ya moto bila kitambaa. Siku ya saba nyayo zikaanza kubanduka. Kikombe cha uji hakishikiki, Limi akawa anamnywesha kwa kijiko, na mzee mtu mzima, aliyewahi kubeba lita kumi na sita mgongoni kutwa nzima, alikuwa anageuza uso ukutani ili mkwewe asimwone akifungua mdomo.

"Tuache kidogo?" Magreth aliuliza. "Tumpigie daktari?"

"Tuache nini? Ndiyo inafanya kazi. Hujui ukipiga dawa majani hubabuka kwanza? Ukiona shamba halijabadilika rangi, ujue umepiga maji."

Moyo wa Magreth ulitulia. Jioni ile alihesabu vinne bila kuifunga na kuifungua chupa.

Siku ya tisa Anselmi alienda chooni mara saba kabla ya saa nne asubuhi. Mara ya nane hakufika. Midomo yake ilikuwa imepasuka, ulimi una vidonda, maji yenyewe yalimuunguza. Ditram aliitwa. Aliingia, akamwona kaka yake sakafuni kwenye kanga ya mkewe. Halafu akageuka kutazama nyumba nzima, kama mtu aliyekuta zizi wazi.

"Amekula nini?"

"Uji," alisema Magreth. "Na maziwa kidogo."

"Maziwa ya nani?"

Yalikuwa kwenye kibuyu, pembeni ya mafiga. Kila baada ya siku mbili kaka yake Limi aliyaleta kutoka Rudewa kwa baiskeli. Ditram alikinyanyua kibuyu, akanusa, akakunja uso.

"Yananuka moshi."

"Ni kibuyu, baba mdogo," alisema Limi, ameshapiga magoti. "Tunakifukiza kwa kijinga cha moto ili maziwa yasiharibike."

"Kijinga cha mti gani?" Hakusubiri jibu. Alichukua chupa tupu ya maji, akatia maziwa kidogo ndani akaifunga. "Haya yanakwenda kwa daktari." Kilichobaki alikimwaga uani, mbele ya majirani wawili waliokuja kutoa pole. Maziwa yalitiririka mpaka kwenye miguu ya Limi, na hakuna aliyemwambia ainuke.

"Shemeji," Ditram akamgeukia Magreth, sauti imeshuka, "kaka yangu akifa, ukoo utauliza. Aliyemlisha kitu atajulikana tu. Na kama ni mtu wa nyumba hii, asidhani atabaki kwenye shamba la ukoo hata siku moja."

Magreth alisema anakwenda kuchukua kanga safi. Akaingia chumbani, akatoka kwa mlango wa nyuma na chupa ya dawa kiunoni. Ndani vilibaki vidonge ishirini. Vingepaswa kubaki thelathini na vitatu. Hesabu hiyo aliifanya kwa vidole mara mbili, amesimama chooni, kisha akaigeuza chupa juu ya shimo.

*

Gari la kukodi liliwachukua kwa barabara inayopita kijiji cha Ulaya mpaka Mikumi, Anselmi amelala kwenye kiti cha nyuma, kichwa mapajani kwa Magreth. Limi aliwekwa mbele na dereva. Ditram alikuwa amesema asikae karibu na mgonjwa. Njiani Anselmi aliuliza mara moja kama mahindi ya ng'ambo ya mto yameshatoa mbelewele.

Hiyo ilikuwa Jumanne. Walimtundikia dripu za maji na chumvi usiku na mchana, na Alhamisi daktari Raheli alipoingia wodini, Anselmi alikuwa anaweza kukaa akiegemea mto. Daktari alimsalimia, akashika viganja vile vilivyobanduka, akavitazama kwa muda mrefu kuliko kawaida.

"Vidonge vimebaki vingapi?" aliuliza.

"Vilimwagika," alisema Magreth. "Chooni. Nilikuwa navihamisha."

Ditram akatoa chupa yake ya maziwa, akaiweka kitandani kama karani anayeweka ushahidi. "Daktari, pima hii. Huyu binti anampa kaka yangu maziwa yenye mizizi ya kwao."

Wagonjwa wa vitanda vya jirani waligeuka. Muuguzi aliyekuwa akitandika shuka aliacha kutandika. Limi alipiga magoti pale pale kwenye sakafu ya saruji.

"Dada, inuka," alisema daktari. Limi hakuinuka. "Uliweka kitu kwenye maziwa?"

"Sikuweka, daktari."

"Aapishwe!" alisema Ditram.

"Baba mdogo, hapa ni wodini." Daktari alivuta kiti akakaa, faili mapajani. "Nisikilizeni wote, maana leo naandika jambo ambalo sitaweza kulifuta kirahisi. Iko miili michache ambayo haiwezi kabisa kuivunja dawa hii. Ukiipa hata kwa kipimo sahihi, inageuka sumu, na unapata haya haya: viganja, mdomo, tumbo. Kama baba ni mmoja wao, simpi tena maishani. Dripu figo zinakataa. Na foleni ya mrija naondoa jina, kwa sababu hakuna atakayekubali kummwagia dawa mtu wa namna hiyo. Tutamtibu maumivu, basi."

Akaacha waielewe.

"Lakini kama kuna kilichozidi, ni habari nyingine. Anapumzika, anapona vidonda, tunaanza tena kidogo, na jina linabaki kwenye foleni. Kipimo cha kuutambua mwili wa hivyo hapa sina. Nina midomo yenu tu. Kwa hiyo naomba nijibiwe. Alikuwa anapewa vidonge vingapi?"

Feni ya darini ilikuwa inazunguka na kugonga, inazunguka na kugonga.

"Kama ulivyoandika," alisema Magreth.

"Vitatu?"

Magreth alitazama mkoba wake. Alikuwa anaona ukoo wote wa Ditram umekaa kwenye viti vya kuazima uani kwake, na yeye katikati, mwanamke aliyemzidishia mumewe dawa. Nani angeamini kuwa alitaka apone? Hata yeye mwenyewe, akiyasikia kutoka kwa mtu mwingine, angeuliza mara mbili.

Anselmi alimgeukia mkwewe. Maneno yalimtoka kwa shida kwa sababu ya vidonda. "Limi, mwanangu. Wewe ulikuwa jikoni."

Ditram alisogea. Daktari alisubiri. Limi alimwangalia mama mkwe wake, mara moja tu, kisha akayashusha macho.

"Mimi nilikuwa naosha vyombo, baba," alisema.

"Mnaona?" alisema Ditram. "Anaficha."

Daktari alishusha pumzi. Akafungua faili, akatoa kalamu mfukoni. Ukurasa ulikuwa na jina la Anselmi juu, na chini yake mistari mitupu.

"Subiri kidogo, mwanangu," Anselmi alimwambia daktari. Akafumba macho, kama siku ile ya njia tatu. "Mama Bonifas, unakumbuka shamba la Casmir?"

"Baba Bonifas, pumzika."

"Ekari mbili. Mahindi yalikuwa yamefika kifuani. Ile siku Casmir alikuwa ameifuata dawa mwenyewe Morogoro mjini, dawa halali, haijaguswa na mtu. Karatasi ilisema viwili. Nikakuambia ongeza."

"Ulisema ni jua."

"Nilisema ni jua. Casmir akaniamini, akanipa na chakula cha mchana. Watoto wake walilala njaa mwaka ule, na mimi nilikuwa nawapita njiani nawasalimia." Akameza mate, uso ukajikunja kwa maumivu. "Sijawahi kumwambia. Kila mwaka nilisema nitamwambia baada ya mavuno. Kosa ni langu, wewe ulipima tu kama nilivyokufundisha. Miaka yote hiyo ulipima kama nilivyokufundisha."

Ditram alitazama huku na huku. "Mambo ya Casmir yanaingiaje hapa?"

Anselmi alinyoosha mkono wake wenye ngozi inayoning'inia, akaulaza juu ya shuka, kiganja juu. Magreth hakuweza kuushika, ungemuumiza. Aliutazama tu. Halafu akamtazama Limi pale chini, magoti yake yamefanya alama mbili za jasho kwenye saruji, na chupa ya maziwa yaliyoganda imesimama kitandani juu ya kichwa chake.

Kalamu ya daktari iligusa karatasi.

"Mama," alisema daktari bila kuinua uso, "nauliza kwa mara ya mwisho, niandike. Vingapi?"

Magreth aliinuka. Alikwenda mpaka alipokuwa Limi, akainama, akamshika mikono yote miwili na kumsimamisha, akaendelea kuishika.

"Vinne," alisema. "Asubuhi vinne, jioni vinne. Na huyu mtoto aliniambia."